Mtani Alipoulizwa Kama Alitukanwa

Waliokuwepo nyumbani kwangu Somanda, hapa Bariadi, mchana ule ni hawa. Mimi mwenyewe, mwenye nyumba. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa tatu, ambaye namwita mke mwenzangu, kwa sababu marehemu babu yake alikuwa akimwita mchumba na kunisahau mimi niliyekuwa napika. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekuja kutoka Nyalikungu, kule Maswa. Huyu hatuna undugu wa damu, ila mama yake na mimi tulibatizwa siku moja, kwa hiyo ananiita mayu, yaani mama, na mimi namkaripia kama wangu. Dereva wa bodaboda, baba wa watoto wawili, mtoto wa jirani yangu. Na Mzaramo mwenye duka la vitenge sokoni, Mwislamu wa pwani aliyekuja Bariadi akisema atakaa msimu mmoja tu wa pamba, na mpaka leo msimu wake haujaisha. Huyu ni mtani wangu, maana sisi Wasukuma na Wazaramo tunataniana. Aliyekosekana, na ndiye tuliyekutana kwa ajili yake, ni dada yangu mkubwa, maana tulikuwa tumeshamzika.

Majina yao wote ninayo, na ya baba zao. Shule niliachia darasa la nne, lakini ukitaka majina ya niliokaa nao dawati moja nitakutajia, na ya ng'ombe wa baba yangu pia, hata yule mwekundu aliyekuwa anakimbia mvua. Ila mke mwenzangu amenikataza. Kikundi chao kina sheria kwamba mtu aliyepatwa na jambo mtandaoni hatajwi.

"Bibi, andika unachotaka, majina acha."

"Hata la Mzaramo?"

"Hata la Mzaramo."

Basi nimeacha. Amepata heshima ambayo hakuitolea jasho.

Hicho kikundi nikieleze kwanza. Ni watu wa kujitolea, hawana ofisi wala kibao mlangoni. Kazi yao ni kuangalia ni kurasa zipi za mtandao zinafunguka na zipi zimefungiwa, na nani amenyamazishwa, na kwa kosa gani. Kila asubuhi mke mwenzangu anakaa kwenye kiti changu kizuri na simu mbili zenye laini tofauti, anabonyeza kurasa zile zile alizobonyeza jana. Mwalimu anafanya hivyo hivyo Nyalikungu kabla kengele haijagonga. Dereva wa bodaboda yeye anajaribu popote anapomshusha abiria, hata Ipililo mashambani, amesimama kando ya pikipiki na simu juu kama anayeuza kuku. Mmoja akikwama hawasemi kitu, huenda ni mtandao mbovu au bando limeisha. Wakikwama wote, kwenye laini zote, hapo ndipo wanapoanza kuandikiana.

Mwanzoni nilimuuliza, "Yaani mnazunguka kujaribu milango ya watu?"

"Milango ya wazi, Bibi. Tunaangalia nani ameifunga."

"Na mkimjua mtamfanya nini?"

"Tunaandika tu."

Nikasema kumbe ni kazi ya kukaa. Balozi wetu wa nyumba kumi naye alikuja kuuliza ni kikundi gani hiki, akaelezwa, akanywa chai, akaondoka ameridhika. Jirani yangu mwingine alielewa nusu, akaleta maombi kwamba wamtafutie simu yake iliyoibwa mnadani. Mpaka leo ana kinyongo.

Sasa, mke mwenzangu alikuwa pia na ukurasa wake mwenyewe, mbali na kikundi. Alikuwa anarekodi wazee wakizungumza, vipande vifupi, anaviweka pale watu wasikilize. Kipande kilichosikilizwa kuliko vyote kilikuwa cha dada yangu akimtukana Mzaramo. Kilirekodiwa dukani, dada amekwenda kutafuta kitenge cha harusi. Mzaramo alikuwa amemwambia kwamba Msukuma hahitaji kitenge, ajifunge gunia la pamba linatosha. Dada yangu akacheka kicheko chake kile kinachoanza na kikohozi, akamjibu:

"Wewe Mzaramo, babu zangu walimwokota babu yako pwani amelala chini ya mnazi, wakamnunua kwa mbuzi mwenye chongo, na chenji wakarudishiwa. Ukifa mbele yangu sikuziki kwa sanda. Nakuviringisha kwenye ngozi ya ng'ombe kama mtemi, upate heshima usiyoizoea, na nazi zako nakutupia humo humo!"

Na Mzaramo anasikika akisema, "Wewe ndiye utatangulia, bibi kizee, mimi nitabaki kula michembe yako ya viazi vikavu."

Kweli akatangulia. Aliugua muda mfupi tu, baada ya mavuno, akaenda. Siku ya mazishi Mzaramo alifika na kanzu yake nyeupe, akatupita wafiwa wote bila salamu, akaketi juu ya udongo uliochimbwa, akakamata jembe. "Hazikwi mtu hapa mpaka niletewe ngozi yangu ya ng'ombe! Niliahidiwa!" Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku kamasi zinawatoka. Tukamkomboa marehemu kwa jogoo, ndipo akaachia jembe, akawa wa kwanza kutupa udongo. Sisi ndivyo tunavyozikana. Mtani asipokuja kukusumbua kaburini, watu watauliza ulikuwa umekosana na nani.

Baada ya msiba nilipata mazoea. Mchana, nikimaliza vyombo, namwambia mke mwenzangu, "Nifungulie dada." Ananifungulia, nasikiliza kikohozi na kicheko na mbuzi mwenye chongo, halafu naendelea na kazi zangu. Nakala nyingine haikuwepo. Simu iliyorekodi ilikuwa imetumbukia kwenye pipa la maji ya mvua, na fundi aliirudisha ikiwa imefungwa kwenye gazeti kama maiti. Lakini nani angejali, sauti ilikuwa kwenye ukurasa, na ukurasa uko angani huko, hauna pipa.

Siku moja nikasema nifungulie dada, akabonyeza, akabonyeza tena, akabadilika uso.

"Bibi, ukurasa haupo."

"Bando limeisha."

"Bando lipo."

Akampigia dereva wa bodaboda, naye akajaribu akiwa hospitali kushusha mgonjwa: haupo. Mwalimu Nyalikungu: haupo. Wakamwandikia mwenzao wa kujitolea aliye Kenya, naye akajibu hata kwake haupo. Nikauliza maana yake nini, akanieleza kwamba kama ungefungiwa nchini, mtu wa Kenya angeuona. Huu umeondolewa na wenye mtandao wenyewe. Barabara ni nzima, duka ndilo limefungwa. Mtu fulani, hatukumjua na hatumjui, alisikia maneno ya dada yangu akashtaki kwamba ni matusi ya kikabila na vitisho vya kumzika mtu. Wenye mtandao wakafunga ukurasa wote, wakamwandikia mke mwenzangu hivyo. Ruhusa ya kukata rufaa ilikuwepo, wiki ikiisha bila rufaa wanafuta kila kitu, na kikishafutwa hakirudi.

Nililia, niseme ukweli. Nilikuwa nimeshamzika mara moja.

Mke mwenzangu akaita kikundi. Mwalimu ndiye mwenye kompyuta na Kiingereza, ndiye anayeandika mashauri ya watu. Akasema shauri hili ni jepesi kuliko yote waliyowahi kushika, maana aliyetukanwa yu hai, yupo sokoni, tena anauza vitenge vyake vizuri tu. Aje aseme kwa kinywa chake kwamba hakutukanwa, wao waandike kama alivyosema, watume.

Hapo ndipo tulipokosea, na sote tulikuwa watu wazima wenye akili. Mimi Msukuma niliyezeeka na watani, mwalimu Msukuma, dereva Msukuma, hakuna hata mmoja aliyesema jamani, mtani haulizwi swali hilo.

Mzaramo akaja saa nane, ameoga, ananukia udi.

"Mwadila," akanisalimia Kisukuma kwa makusudi, kwa ile lafudhi yake ya pwani inayoliharibu neno.

"Mwadila. Kaa chini, usiguse ukuta, nimepaka chokaa."

Mwalimu akaweka simu ya kurekodi mezani, akafungua kompyuta. Kikundi kina sheria nyingine, ambayo wanaipenda kuliko sala: alichosema shahidi kinaandikwa kama kilivyosemwa, hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, kwa sababu wao wanapigania watu wasibadilishiwe maneno.

"Mzee wangu," mwalimu akaanza kwa sauti ya darasani, "je, maneno ya marehemu yalikuudhi?"

Mzaramo akaniangalia. Niliona jicho lake linacheza. Kisha akatoa leso, akajifuta mahali pasipo na chozi.

"Yaliniudhi mno. Tangu siku ile silali. Chakula hakipiti, isipokuwa pilau."

Dereva wa bodaboda akaangua kicheko. Mke mwenzangu akasema, "Babu, tafadhali, hii ni rufaa."

"Najua ni rufaa, ndiyo maana nasema kweli. Mimi ni mtu niliyenunuliwa kwa mbuzi. Tena mbuzi mwenye chongo! Angekuwa na macho mawili ningesamehe."

"Mzee, ulijisikia umetishwa?"

"Sana. Nimetishwa na marehemu, na huyu mdogo wake anayekaa hapo ndiye mbaya zaidi. Naomba huko juu wamkamate, wamfunge kwenye zizi. Ila wamlishe, anakula sana."

"Umeshazoea kulishwa wewe," nikamwambia, "ndiyo maana unawaza chakula."

"Andika hilo, mwalimu! Andika, ananitukana mbele yako!"

Na mwalimu akaandika. Tulicheka mpaka mke mwenzangu naye akashindwa, akaegemea mlango. Mzaramo akanywa chai yangu vikombe vitatu, akasema ina majani machache kama nywele zangu, akaenda zake. Mchana mzuri ule, nauhesabu katika michana mizuri niliyopata tangu dada afariki.

Mwalimu akatafsiri kila neno kwa uaminifu, akatuma. Nilimuuliza, "Umeandika kwamba tulikuwa tunacheka?" Akasema, "Mayu, kicheko si maneno ya shahidi." Nikaona ana shule, nikamwachia.

Jibu lilikuja haraka kuliko tulivyotarajia. Mke mwenzangu alilisoma amesimama, akakaa. Wenye mtandao walisema wamepokea ushahidi wa aliyetukanwa mwenyewe, kwamba hapati usingizi wala hamu ya kula, kwamba ameumizwa kwa kabila lake na bado anatukanwa na ndugu wa marehemu. Wakampa pole. Wakasema ukurasa utabaki umefungwa. Ilibaki nafasi moja ya mwisho ya kujieleza, baada ya hapo wanafuta.

"Wamempa pole Mzaramo," nikasema.

"Bibi, si wakati wa kucheka."

Sikuwa nacheka. Mwalimu alipigiwa simu, akaomba radhi mpaka ikabidi tumbembeleze yeye. Akajitolea kuandika maelezo marefu kuhusu utani, chanzo chake na faida zake. Mke mwenzangu akasema maelezo waandike, lakini wanaoamua wanataka kumsikia aliyetukanwa. Wakaanza kujadili nani amwendee. Dereva akasema ataenda yeye. Nikawaambia mkienda ninyi atafanya yale yale, ananichokoza mimi hata nisipokuwepo. Nitaenda mwenyewe.

Asubuhi nikavaa kitenge nilichonunua kwake, nikaenda sokoni. Alikuwa anakunja vitambaa. Aliponiona akaanza kutoka mbali: "Haya, jamani, ficheni mizani, Msukuma amekuja, ataitafuna!"

Mimi nikasema, "Shikamoo, kaka."

Tuko rika moja, na hatujawahi kuamkiana hivyo, tangu anakuja Bariadi akiwa na nywele. Kitambaa kikamtoka mkononi.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuomba."

"Usiniombe hivyo. Nitukane kwanza."

"Leo siwezi, kaka. Sauti ya dada inafutwa. Walipokuuliza ulisema umeumia, wamekuamini."

"Wameniamini?" Akatazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumsaidia kucheka. "Mimi? Nani ananiamini mimi?"

"Wa huko. Hawajui pilau yako wala mbuzi wetu. Hawakusikia tukicheka. Wamesoma tu."

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Nilimwona mzee ghafla, na nadhani na yeye aliniona hivyo hivyo. Akauliza kama nyumbani hatuna nakala. Nikamweleza habari ya pipa. Akasema hakujua, wallahi hakujua, alidhani ni mambo ya vijana, ukurasa ukifungwa wanafungua mwingine.

Nikampigia mke mwenzangu, akaja na simu. Mzaramo akavua kofia, akaivaa tena, akaomba mteja aliyekuwa anapapasa kanga asubiri nje. Halafu akasema, na haya nayaandika kwa ile sheria yao, bila kuongeza:

"Mimi ndiye niliyetukanwa. Yule mama alikuwa Msukuma na mimi Mzaramo, sisi ni watani. Mtani haombi ruhusa. Nilipokuja hapa sikuwa na mtu, na wa kwanza kunitukana alikuwa yeye, ndipo nikajua nimefika kwa watu. Alinitukana kila alipopita. Mke wangu alipofariki alikuja kuziba mlango, akasema maiti haitoki mpaka apewe kitenge, na mimi siku ile nilicheka, nilikuwa nadhani sitacheka tena. Tangu amefariki yeye, wengine wananiamkia tu. Niliyosema mara ya kwanza yalikuwa utani, msiyafuate. Sikuumia. Naomba mnirudishie matusi yangu."

Mke mwenzangu alizima simu. Mimi nilitazama vitenge. Mzaramo akamwita yule mteja, akampimia kanga ambayo haipimwi, inauzwa ilivyo, akashangaa mwenyewe kwa nini ameshika futi.

Sikujua namna ya kuondoka pale. Siku zote naondoka na tusi mgongoni. Nikasema asante, wabeja, akasema haya, na nikatembea kurudi Somanda nikiwa na uchungu mpya, kwamba ili nimpate dada nimempoteza na mtani. Siku zilizofuata nilipita dukani akaniuliza habari za nyumbani, kwa adabu kabisa, nami nikamjibu njema. Tulikuwa kama wakwe. Mke mwenzangu alituona, akasema, "Mnatia huruma." Nikamwambia aangalie simu zake.

Mwalimu alituma maneno ya Mzaramo, na safari hii akaandika pia mahali aliponyamaza. Alibishana na sheria yake usiku kucha, kwa maelezo yake, akaona kunyamaza nako ni maneno ya shahidi.

Habari ilitoka Ipililo. Nilikuwa napepeta choroko, dereva wa bodaboda akapiga simu, upepo unavuma ndani yake.

"Bibi, huku dada yako anaongea!"

Nikamwita mke mwenzangu kwa kelele, akatoka na povu la sabuni mikononi. Lakini kikundi ni kikundi. Hakunifungulia. Akasema mmoja si ushahidi. Akampigia mwalimu, mwalimu akaacha watoto na hesabu zao, akajaribu: umefunguka. Akajaribu laini ya kwanza hapa Somanda: umefunguka. Laini ya pili ikazunguka, ikazunguka, nikamwambia mke mwenzangu kama unataka nife ili uolewe peke yako endelea hivyo hivyo. Ikafunguka.

Kikohozi. Kicheko. Mbuzi mwenye chongo, chenji na yote. Nilisikiliza nimeshika ungo.

Jioni ile Mzaramo alifika bila kuitwa, maana sokoni habari inafika kabla ya mwenyewe. Akasimama mlangoni na kanzu yake. Mke mwenzangu akamwekea. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka pale anapoahidiwa ngozi ya ng'ombe na kutupiwa nazi. Ilipokwisha akaomba irudiwe. Ilipokwisha mara ya pili akanitazama, nami nikaogopa ataniuliza habari za nyumbani.

"Hata sauti yake inanuka michembe," akasema.

"Toka kwenye chokaa yangu," nikamjibu. "Wewe uliyebaki kwenye chenji."

Akaingia, akakaa, akadai chai yenye majani.

Ndivyo nilivyoyakumbuka. Mnaosoma, hasa mliokuwepo, kama nimekosea mahali, kwamba jogoo wa mazishi alikuwa mtetea, au mwalimu alikuja siku nyingine, au chai ilikuwa vikombe vinne, njooni Somanda mnirekebishe, nitapokea bila kununa. Mzaramo tu ndiye asinirekebishe. Yeye mliona wenyewe anavyotoa ushahidi.